Kicheko cha Kibanjani Kaisho

Redio yetu ni ndogo, ukishuka bondeni inakwaruza, na ndani ya redio hiyo mimi ni mdogo zaidi. Ni mwandishi wa kujitolea kutoka Rugu, niliyeishia darasa la saba, ninayepalilia maharage asubuhi na kutafuta habari mchana. Nasema hivi mapema ili msomaji asinitegemee kwa makubwa. Nina tabia ya kuandika kila siku niliyoyaona, si kwa sababu najua kuandika, ni kwa sababu sijiamini. Nikiulizwa kesho nilisema nini leo, nataka niwe na pa kuangalia.

Mhariri wetu, mwanamume wa Muleba mwenye sauti ya upole na haraka nyingi, ndiye aliyenisukumiza kwenye semina ya uchunguzi wa mtandaoni. Ilifanyika katika ukumbi wa parokia. Tulifundishwa kuchukua video ambayo kila mtu anayo kwenye simu yake na kuihoji kama unavyomhoji mtu: umetoka wapi, umepigwa lini, kivuli chako kimelalia upande gani, huo mlima nyuma yako unaonekana kwenye picha za setilaiti? Wenzangu walikuwa na diploma. Mimi nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na nilikaa nyuma nikijiambia haya ni mambo ya watu wa nchi zenye vita. Huku kwetu watu wanagombania mipaka ya migomba tu.

Sasa, mgomba. Kwa asiyekujua kwetu, kibanja cha migomba si shamba kama mashamba mengine. Nyumba imo ndani yake, kahawa imo ndani yake, wazee wamezikwa ndani yake. Mtu akikuondoa kwenye kibanja hajakunyang'anya mali tu. Amekufuta.

Mwanamke mmoja wa upande wa Kaisho alipiga simu redioni akiomba mtu wa kumsikiliza. Alikuwa mjane, binti zake wote wameolewa mbali. Mhariri akanitazama. Nikapanda mchomoko, ile teksi ndogo ya kubanana, mpaka njia panda, kisha pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa redio? Nilidhani ni mkubwa." Akanicheka kidogo, akanipa kigoda.

Kilichomtokea ni hiki. Siku ile kijiji kizima kilikuwa msibani ng'ambo ya bonde, akizikwa mwalimu mstaafu. Kwetu marehemu akiwa bado juu ya ardhi hakuna anayeshika jembe wala panga. Hata majani ya ng'ombe yanakatwa siku ya kabla. Kwa hiyo mjane alifunga mlango akaenda kuzika kama wengine. Jioni, watu wakiwa wanatawanyika, ikashuka mvua ya mawe, ile ya kutoboa majani ya kahawa. Alipofika kwake giza limeshaingia, akakuta upande wote wa chini wa kibanja umelala. Akalia, akalala. Asubuhi majirani wakaja kumsaidia. Na hapa ndipo penye kosa ambalo nafikiri ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya: hawakusimama kutazama. Mgomba ukianguka kwetu hauachwi ukaoza kama ulivyo. Unapasuliwa, unakatwa vipande, unatandazwa chini ya ile iliyobaki. Walifanya kazi kwa huruma mpaka jua likawa kali, wakamwachia kibanja safi, kimetandazwa vizuri kuliko cha mtu yeyote. Hakuna shina hata moja lililobaki la kuonyesha kama lilivunjwa na upepo au lilikatwa na mtu.

"Tulijua ni mvua," alisema jirani yake, mama mnene aliyekuwa akianua kahawa kwenye turubai. "Ningejua, waitu jamani, ningelala juu ya hayo mashina kama mlinzi."

Wiki iliyofuata video ikaanza kuzunguka kwenye simu. Fupi sana. Mwanamume amejirekodi mwenyewe, kofia ya baridi imeshushwa mpaka kwenye nyusi na kitambaa kimefunika mdomo. Nyuma yake wenzake wawili wamegeuza migongo, wanaangusha migomba. Panga linaingia, mgomba unainama na mkungu wake. Kisha wote wanacheka. Wanacheka sana, mpaka mmoja anajishika magoti. Aliyeirusha aliiweka kwenye status akaifuta, lakini kuna mtu alishaihifadhi, na ikamfikia mjane bila jina la aliyeianza.

"Hii ni migomba yangu," aliniambia. Hakuitazama video aliponipa simu, aligeukia ukuta. "Kukata, wamekata. Lakini kunicheka hivi? Niliwakosea nini? Usiku nikifumba macho nasikia hicho kicheko."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amepeleka ombi baraza la kata. Alidai kibanja kimekufa kwa mvua ya mawe, mjane hana nguvu ya kukifufua wala mtoto wa kiume wa kumsaidia, basi kirudi kwenye ukoo. Kuhusu video alikuwa na jibu jepesi: hiyo si Kaisho. Kuna mlima upande wa kulia wenye pengo juu kama jino lililong'oka, na mlima huo, ukisimama kibanjani kwa mjane, uko kushoto. Kila mtu alikwenda akasimama, akaona ni kweli. Video ni ya ng'ambo ya mto, wakasema, kwa jirani zetu wa nchi nyingine wenye migomba kama yetu na lugha inayokaribiana na yetu. Masikini, majonzi yamemchanganya.

Na mimi nilisimama pale. Nikageuka huku na huku na simu mkononi. Mlima ulikuwa kushoto. Nikamwambia mjane nitamrudia, nikaondoka na aibu yangu, nikijiuliza nitamwandikia mhariri nini. Nilikaribia kabisa kuandika kwamba video si ya hapa. Kilichonizuia hakikuwa akili. Ni woga wa kumsema mtu vibaya kwa haraka, ugonjwa wangu wa siku zote.

Kwa hiyo nikaanza upya kama tulivyofundishwa, nikiandika ninachokiona tu. Mwanamume, kofia. Mwenzake wa kwanza ana panga mkono wa kushoto. Wa pili ana panga mkono wa kushoto. Nikaacha kuandika. Mwanangu wa pili anatumia mkono wa kushoto, na bibi yake amemsumbua tangu anatambaa. Najua jinsi watu hao walivyo wachache kwetu, na jinsi wanavyofichwa. Leo wamekutana wawili kwenye kazi moja? Pembeni ya video kuna pikipiki imeegeshwa, bomba lake la moshi liko kushoto. Mume wangu anabeba abiria kwa pikipiki. Mguu wangu wa kulia una alama ya kuunguzwa na bomba hilo. Wa kulia.

Nikampigia mhariri. "Bosi, naomba usinicheke."

"Sema."

"Nadhani video imegeuzwa. Kama mtu anayejitazama kwenye kioo."

Nikasikia anaguguna kitu, mahindi nadhani. "Kamera ya mbele," akasema. "Simu nyingine zinahifadhi hivyo hivyo, kulia kunakuwa kushoto. Dada, njoo ofisini."

Aliigeuza kwenye kompyuta kwa kubonyeza mara moja. Mapanga yakahamia mikono ya kulia, bomba likaenda mahali pake, na ule mlima wenye pengo ukatembea mpaka kushoto ukakaa. Tulipiga kelele wote wawili, mpaka mtangazaji wa salamu akatoka studio akidhani kuna nyoka.

Mhariri ndiye aliyefanya sehemu inayofuata, na nataka hilo lijulikane. Alifungua picha za setilaiti na kunionyesha kimoja kimoja: paa la mjane lenye bati moja jipya kati ya mabati yaliyoshika kutu, na kwenye video kona ya bati hilo inang'aa. Mstari wa mramula, ule mmea tunaoutumia kuweka mipaka, ulio na pengo pale lilipo lango. Paa la kanisa ng'ambo ya bonde. Vyote vikakubaliana. Nikarudi Kaisho, nikasimama aliposimama yule mwanamume, nikapiga picha yangu, tukaziweka pamoja. Sikulala kwa furaha, halafu asubuhi nikaanza kujitilia shaka tena.

Maana tulikuwa tumejua ni wapi. Hatukujua ni lini. Mtu angeweza kusema, na shemeji alisema hivyo nilipokwenda kumpa nafasi yake ya kujibu, kwamba ni vijana waliokuwa wanaondoa migomba iliyolegezwa na mvua ya mawe.

Alinipokea vizuri. Niseme ukweli, alinipokea vizuri kuliko watu wengi ninaowahoji. Alinipa maji, akanionyesha picha ya kaka yake ukutani, akasema ni yeye mwenyewe aliyebeba mawe ya msingi wa nyumba ya mjane akiwa bado kijana mbichi, mgongo ukamwuma mwaka mzima. Hilo niliandika, na mjane alilikubali nilipomuuliza. Kisha akatabasamu.

"Nasikia sasa mnatazama watu kutoka angani."

"Ni picha za kawaida, mzee. Hata wewe unaweza kuzifungua."

"Darasa la saba na setilaiti, wapi na wapi?" Wajukuu zake wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ndilo swali ninalojiuliza mwenyewe. "Haya, hiyo video iwe ya kwa mjane. Inaonyesha nini? Vijana wanasafisha. Mvua ya mawe iliangusha, wao wanamalizia."

Lilikuwa jibu linalowezekana. Niliondoka nikiwa nimelibeba mgongoni kama mzigo wa kuni. Njiani nikafikiri: kama wanasafisha, wanacheka nini?

Nimeisikia video hiyo mara nyingi kuliko nyimbo ninazozipenda. Lakini wote tulikuwa tumeshaamua kicheko kile ni cha nini. Mjane aliamua, majirani wakaamua, na mimi nikaamua kwa kumhurumia. Nikajiuliza kama tunawatendea haki hata hao wakataji. Labda hawamcheki yeye. Nikaazima spika za masikioni kwa muuza vocha pale Rugu, nikakaa nyuma ya duka lake, nikafumba macho.

Panga. Panga. Halafu mapanga yanatulia. Kwa mbali, nyuma ya upepo wa majani, kuna sauti ya mtu kwenye kipaza sauti. Maneno hayashikiki. Inasimama. Wanaume wanalipuka kucheka. Juu ya kicheko, mlio mrefu mwembamba, ule wa spika inapopiga mluzi. Kisha kwaya inaanza.

Kwaya! Nilisimama ghafla hata nikamwaga mchele wa yule muuza duka. Tukaokota wote, nikiomba radhi, na yeye akiniuliza nani amekufa.

"Mwalimu," nikamjibu. Ndivyo ilivyonitoka.

Kwa sababu ng'ambo ya bonde siku ile kulikuwa na kipaza sauti sehemu moja tu. Na familia ya mwalimu ilikuwa imeweka mtandaoni video ya mazishi yote, kwa ajili ya watoto walioko mbali walioshindwa kufika. Ilikuwa wazi kwa kila mtu. Nilinunua bando, nikaitazama kuanzia mwanzo, nikimwombea marehemu kwa sababu niliona vibaya kupita tu kwenye msiba wa watu bila kuomba. Jua linawaka. Watu wanajikinga kwa kanga na matawi. Nikafika mahali ambapo mwinjilisti anaacha sala na kuinamia kipaza sauti:

"Samahani wafiwa. Mwenye mbuzi mweupe, tafadhali. Mbuzi wako anakula mashada."

Waombolezaji wenyewe walishindwa. Unaona mabega yakitikisika chini ya kanga. Mtu anamkimbilia mbuzi, anagonga spika, spika inapiga mluzi mrefu mwembamba, na mwongoza kwaya kwa kuokoa jahazi anaanzisha wimbo kabla ya wakati wake.

Mhariri aliziweka sauti mbili hizo pamoja kwenye kompyuta, moja juu, moja chini. Mluzi ukakaa juu ya mluzi. Kwaya ikaingia pamoja na kwaya. Migomba ilikuwa ikianguka huku jua likiwaka, mwalimu hajashushwa kaburini, na mvua ya mawe bado iko huko ilikokuwa.

Tulimwomba mjane ruhusa kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Familia ya mwalimu nayo tuliiomba, wakakubali, ila walitaka uso wa mama yao ufichwe, tukaufunika. Siku ya baraza tukapeleka kompyuta na spika ya redio. Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama madirishani. Shemeji alikaa mbele na koti lake zuri. Mjane alikaa kando, miguu ameikunja, kama mgeni.

Mhariri alieleza, mimi nikaonyesha. Tulipogeuza video na mlima ukahama, mzee mmoja wa baraza aliinuka kwenye kiti chake akasogea mpaka karibu aguse kioo. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. Akageukia watu: "Tumesimama pale kibanjani kama kondoo!"

Zikaja sauti mbili. Mbuzi, mluzi, kwaya. Ukumbi ukacheka, kisha kicheko kikakatika, kila mmoja akielewa kwa wakati wake. Panga siku ya mazishi.

Mwenyekiti akaniuliza mimi, si mhariri. "Kwa hiyo mnasema huyu bwana ndiye aliyewatuma?"

Macho yote kwangu. Mjane naye akanitazama, na nilijua anataka niseme nini. Hata mimi nilitaka.

"Hapana, mzee. Hatujui nani aliwatuma. Hata nyuso hatuzijui. Tunajua ni wapi na ni lini, basi."

Shemeji akaegemea kiti. Kuna mtu nyuma akasema, "Sasa umekuja kufanya nini?" Masikio yakanichoma. Nilitaka kukaa, lakini kulikuwa na jambo moja nililoliandika ambalo lilikuwa bado halijasemwa, na lilikuwa haki ya watu wasiokuwepo.

"Kuna kitu kingine," nikasema. "Mama huyu amekuwa hapati usingizi kwa sababu ya kile kicheko. Sisi wote tumewasema vibaya hao wanaume kwamba walimcheka mjane. Si kweli. Wamekosea kwa kukata, lakini hawakumcheka. Walimcheka mbuzi."

Halafu karibu na mlango mwanamume mmoja, mtu mzima mwenye familia, ambaye wengi walimfahamu kwa kazi za vibarua, akavua kofia yake.

"Ni kweli," akasema. "Ni kweli, mama. Nilimcheka mbuzi. Wallahi sikukucheka wewe. Nimepita njia yako siku zote hizi nikitaka kukwambia hilo tu, nikashindwa nitalisema vipi bila kusema mengine." Akamgeukia mwenyekiti. "Basi nayasema na mengine."

Akayasema. Nani alimwita, wakiwa wapi, aliahidiwa nini: kipande cha upande wa chini, kibanja kikishagawanywa. Mwenzake mmoja naye akasimama. Shemeji aliangalia mikono yake. Sikumwona akikana. Baadaye nilimfuata nje nimuulize kama ana la kuongeza, kwa kuwa ni haki yake, akaniambia, bila hasira, "Andika kwamba nilibeba yale mawe." Nimeandika.

Siku ile ile baraza lilisema kibanja ni cha mjane na hakuna mtu wa kukigusa. Shemeji aliyakubali masharti mbele ya watu wote: alete machipukizi ya kupanda upya, na wale wanaume wayapande kwa mikono yao. Vigelegele vilianzia dirishani, kwa yule mama mnene wa kahawa, vikazunguka ukumbi mzima. Mhariri alinishika bega mpaka likauma. Nilitembea kwenda kwenye pikipiki nikiwa mrefu, sijui nilirefukaje, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikujiuliza kama nimekosea mahali. Nilijiuliza kesho yake. Nilipitia yote tena, hakukuwa na kosa.

Habari ilirushwa bila jina la mtu. Waliitaka mpaka Igurwa, watu wakipiga simu kuomba irudiwe, na wengi wao, nasema ukweli, walitaka kusikia kuhusu mbuzi.

Nilirudi Kaisho mvua zilipoanza. Machipukizi yalikuwa yameshika, yamefungua majani mapya yaliyoviringika kama karatasi. Hata mizizi ya zamani chini ya yale matandazo ilikuwa imetoa vichwa. Mjane alikuwa amepika ndizi na maharage, na alinikaripia kwa kuchelewa. Nilipomaliza kula akafuta mikono kwenye kanga, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Ile video bado unayo?"

Nikasita. "Ninayo, mama. Lakini kwa nini ujisumbue?"

"Iweke."

Nikaiweka. Hakugeukia ukuta safari hii. Aliinamisha kichwa, akisikiliza panga la kwanza, panga la pili, ile sauti ya mbali, akinyanyua kidole kama anayengoja mtu abishe hodi. Kicheko kikalipuka. Na mjane, kanga mdomoni, akacheka nao.

"Mbuzi mshenzi kweli," akasema, akifuta machozi. "Hebu nirudishie pale."